H/V ikikupa majibu ya ajabu: kutafuta tatizo kwenye vipimo vya mitetemo midogo ya ardhi

Ardhi haitulii. Mawimbi ya bahari, upepo, magari, mashine na nyayo za watu huitikisa mchana na usiku, kwa kiasi kidogo ambacho mwili hauhisi lakini kipima mitetemo kinakinasa. Pale udongo laini unapolala juu ya mwamba, mtikisiko huo hukua kwenye frikwensi moja (idadi ya mizunguko kwa sekunde, inayoandikwa Hz) inayotegemea unene wa udongo na ugumu wake. Tetemeko likija, frikwensi hiyo ndiyo ya kuogopa. Tarehe 19 Septemba 1985 kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City. Hata hivyo tope la ziwa la kale lililo chini ya sehemu ya jiji hilo lilitikisika kwa mzunguko wa takriban sekunde 2, na majengo ya ghorofa kama 6 hadi 15 yaliumia kuliko yale mafupi.

Uwiano wa H/V ni njia nyepesi ya kuipata frikwensi hiyo. Unarekodi mtetemo wa kawaida kwa kihisi cha pande tatu, unagawanya spektra (mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila frikwensi) ya mlalo (H) kwa ya wima (V), kisha unatafuta kilele. Nogoshi na Igarashi wa Japani walilieleza wazo hili mwaka 1971, Nakamura akalieneza 1989, na mradi wa Ulaya uitwao SESAME ukatoa mwongozo wake 2004, ambao hadi leo wengi wanaupimia kazi zao. Hakuna kuchimba, hakuna baruti, na kifaa kinabebwa mgongoni. Ndiyo maana kila mtu anakijaribu, na ndiyo maana malalamiko ni yale yale.

Mengi ya malalamiko hayo hayatoki ardhini. Yanatoka chini ya miguu mitatu ya kifaa, au ndani ya mita chache zinazokizunguka.

Kabla ya dalili yoyote: fungua spektra tatu

Uwiano huficha mambo. H/V ikiwa 4, huenda mlalo umepanda, huenda wima umeshuka, huenda yote mawili yamepanda ila mmoja umepanda zaidi. Mchoro wa H/V peke yake hauwezi kukuambia ni lipi. Kwa hiyo chora spektra ya kaskazini–kusini, ya mashariki–magharibi na ya wima kwenye karatasi moja, ukiiweka chini ya mchoro wa H/V, kisha utazame kinachotokea pale penye kilele.

Kilele cha kweli cha udongo kina sura yake: mistari miwili ya mlalo inaendelea juu, wa wima unabonyea, na katikati yao panabaki uwazi wenye umbo la jicho. Mara nyingi baada ya jicho hilo, karibu na frikwensi maradufu, mistari hukaribiana au wima hupita juu, na H/V hushuka. Ukiliona jicho, una sababu nzuri ya kuamini. Usipoliona, soma dalili zinazofuata kabla hujaandika ripoti.

Dalili: mchoro mzima umekaa juu sana, au chini sana, kwenye frikwensi zote

Unategemea mchoro uzungukezunguke kwenye 1 mbali na kilele. Wako umelala kwenye 2 au 0.5 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtu ameusukuma.

Kinachosababisha mara nyingi ni ukuzaji wa mawimbi uliowekwa tofauti kati ya chaneli na chaneli, yaani njia tatu za kurekodi: kaskazini, mashariki na wima. Fungua mipangilio ya kinasa data na uhakikishe zote tatu zina thamani moja. Baada ya hapo angalia faili la vipimo vya kihisi ulilotumia kwenye programu: je, ni la kihisi hiki, au ni la kile kilichotumika mradi uliopita? Tatu, chaneli zimebadilishana nafasi. Hili linatokea zaidi pale data inapohamishwa kutoka muundo mmoja wa faili kwenda mwingine. Wima inasomwa kama kaskazini, na uwiano unageuka kichekesho. Kukagua ni rahisi: gonga ardhi kwa kisigino hatua mbili upande wa kaskazini wa kifaa, halafu upande wa mashariki, uone ni chaneli ipi inaruka zaidi kila mara.

Kama mipangilio ni safi, kuna uwezekano kwamba kihisi kimoja ndani ya kifaa kimechoka. Weka vifaa viwili au zaidi bega kwa bega juu ya zege imara, rekodi dakika 30, linganisha spektra zao chaneli kwa chaneli. Zikiachana, umempata mgonjwa.

Simama hapo. Usifungue kihisi mwenyewe. Koili na sumaku za ndani hurekebishwa na fundi mwenye meza ya kupimia, na kihisi kilichofunguliwa bila kupimwa upya kitatoa namba ambazo hakuna atakayeweza kuzitetea.

Dalili: upande wa frikwensi za chini unapaa, hasa chini ya 1 Hz

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa hitimisho baya kuliko zote, kwa sababu mtu huona mlima kwenye 0.3 Hz na kutangaza kwamba kuna mamia ya mita za mashapo (udongo na mchanga uliotuama) chini yake.

Anza na upepo. Upepo unaozidi kama mita 5 kwa sekunde unatosha kuharibu chini ya 1 Hz, hasa karibu na miti, nguzo, mabango na majengo marefu, kwa kuwa mizizi na misingi yake huinamisha ardhi kidogo kila inaposukumwa. Kihisi cha mlalo hakijui tofauti kati ya kusogea na kuinama. Mlalo unapanda, wima haubadiliki, H/V inapaa. Upepo pia huipiga kebo, na kebo hukivuta kifaa. Chimba kishimo kifupi ukiweke kifaa ndani, kifunike kwa ndoo isiyokigusa, laza kebo chini na uikandamize kwa mawe. Rudia kipimo siku iliyotulia au alfajiri. Mlima ukipotea, ulikuwa upepo.

Pili ni mahali kilipokaa. Nyasi, matope, majani makavu, changarawe iliyolegea na kapeti vyote vinakiacha kifaa kikiyumba. Mvua kubwa ikinyesha, acha. Na hata baada ya kukatika, udongo uliolowa chapachapa si mahali pa kupimia. Ondoa nyasi kwa jembe, sawazisha, bonyeza miguu ya kifaa mpaka iingie, kisha tazama kiputo cha pimamaji. Kitazame tena mwisho wa kipimo. Kama kimehama, kifaa kilizama wakati kinarekodi na data yote ya frikwensi za chini ina shaka.

Tatu, muda. Mwongozo wa SESAME unapendekeza dakika 30 ukitafuta kilele karibu na 0.2 Hz, dakika 20 kwa 0.5 Hz, dakika 10 kwa 1 Hz, na dakika 2 hadi 3 zinatosha kwa 5 hadi 10 Hz. Kuna na masharti mawili ya hesabu. La kwanza, kila kipande cha data kiwe na mizunguko zaidi ya 10 ya frikwensi unayoitafuta; kwa 0.5 Hz maana yake ni kipande kinachozidi sekunde 20. La pili, jumla ya mizunguko kwenye vipande vyote izidi 200. Ukichukua vipande vya sekunde 40 kwa 0.5 Hz, kila kimoja kina mizunguko 20, hivyo unahitaji angalau vipande 11 visafi. Mtu aliyerekodi dakika 6 kando ya barabara na kutupa nusu kwa sababu ya malori hana data ya 0.5 Hz, hata mchoro upendeze vipi.

Nne ni kihisi chenyewe. Jiofoni (vihisi vidogo vya koili na sumaku) za 4.5 Hz ni imara na ni rahisi kupata, ila kadiri unavyoshuka chini ya frikwensi yake ndivyo kelele yake ya ndani inavyozidi mtetemo wa ardhi. Kabla ya kuziamini chini ya 1 Hz, zilinganishe na kihisi cha masafa mapana mahali pamoja. Vipima mchapuko (accelerometer) vilivyotengenezwa kwa ajili ya matetemeko makubwa vina shida hiyo hiyo, na vile vya kwenye simu ndiyo kabisa: kelele yake iko juu mno kuliko mtetemo wa sehemu tulivu. Programu ya simu itakuchorea mstari, lakini mstari huo unaieleza simu.

Mwisho kabisa kwenye orodha ni kwamba kweli una mashapo mazito. Inawezekana. Hapo kilele kitabaki palepale ukirudi usiku bila upepo, kitaonekana kwenye vituo jirani, na mistari mitatu itatengeneza jicho.

Dalili: kilele chembamba na kirefu mno

Kilele cha udongo kina mabega. Hiki chako kimechongoka, kinaanza na kuisha ndani ya sehemu ndogo ya hezi, na programu inakisifu kwa kuwa ukubwa wake ni 8.

Mshitakiwa wa kwanza ni mashine. Pampu, feni, kompresa, kinu na transfoma zote huzunguka au kutetema kwa frikwensi moja isiyobadilika. Mota ya kawaida yenye pande nne za sumaku kwenye umeme wa 50 Hz huzunguka kidogo chini ya mara 1500 kwa dakika, yaani karibu na 25 Hz. Kwenye umeme wa 60 Hz ni karibu na 30 Hz. Mashine kubwa za mwendo wa polepole ndizo zinazosumbua, kwani huangukia kati ya 1 na 5 Hz, palepale udongo unapojitokeza.

Ukaguzi ni huu, kuanzia mwepesi:

Tazama spektra tatu. Mashine hupandisha zote, na wima ikiwemo, kwenye frikwensi ile ile. Hakuna jicho.

Punguza ulainishaji. Wengi hulainisha mikwaruzo ya mchoro kwa njia ya Konno na Ohmachi ya 1998 yenye b ya 40; b ikiwa kubwa, ulainishaji ni mdogo. Ipandishe b iwe 80, kisha zaidi. Kilele cha mashine kitazidi kuchongoka na kurefuka. Cha udongo kitabaki na umbo lake, labda kikiwa na mikwaruzo.

Linganisha saa. Rudi baada ya saa za kazi au siku ya mapumziko. Mashine zikizimwa na kilele kikaondoka, kesi imeisha. Onyo dogo: pampu za maji na majokofu ya viwandani hayaheshimu siku ya mapumziko.

Tembea. Pima kituo cha pili mbali kidogo. Frikwensi ya mashine haibadiliki hata udongo ukibadilika, ila nguvu yake hupungua unavyoondoka nayo.

Bado una shaka? Kokotoa udhoofu wa mtetemo, yaani jinsi unavyofifia haraka, kwa njia ya kupunguza unasibu (random decrement), ambayo programu huria ya Geopsy inayo. Udhoofu ulio chini ya asilimia 1 ni mashine karibu kwa hakika. Ulio juu ya asilimia 5 unaelekea kuwa wa asili. Katikati hapo ni kazi ya akili ya mtu.

Mtuhumiwa wa pili ni jengo. Nyumba ya ghorofa kadhaa huyumba kwa frikwensi yake na kuirudisha ardhini, na kihisi kilichowekwa barazani kinapima nyumba. Sogea mbali nayo, angalau umbali unaolingana na urefu wake kama nafasi inaruhusu. Watatu ni kitu kilicho chini: kalavati, chemba ya maji taka, tangi, maegesho ya chini ya ardhi. Ukiona mfuniko wa chuma karibu, hama.

Kilele cha mashine usikifute kwa chujio halafu ukaendelea kana kwamba hakikuwepo. Andika kwenye ripoti kwamba kipo, kiko wapi, na kwamba frikwensi hiyo haitafsiriwi. Kama kimeketi juu kabisa ya kile unachokitafuta, tafuta kituo kingine.

Dalili: hakuna kilele kabisa

Mstari umetulia kwenye 1 hadi 2, kuanzia 0.2 hadi 20 Hz. Watu wengi huona aibu na mchoro wa namna hii, wakati mara nyingi ni jibu safi.

Huenda uko juu ya mwamba. Angalia ramani ya jiolojia na miamba inayojitokeza karibu. Kwenye mwamba usiochakaa, mstari uliolala ndio unaotarajiwa.

Huenda udongo upo na tena mwingi, ila unagumuka taratibu unavyoshuka, bila mpaka mkali. Kilele kinahitaji tofauti kubwa ya ugumu kati ya tabaka la juu na la chini. Hapa ndipo hatari ilipo: mstari uliolala hauna maana kwamba tetemeko halitakuzwa. Una maana kwamba H/V haikuona mpaka. Kuandika "eneo salama" kwa msingi wa mchoro mtupu ni kosa la kitaaluma.

Huenda pia kilele kiko nje ya uwezo wa kifaa, chini ya 0.2 Hz, au juu sana kwa tabaka la mita moja au mbili. Au mtetemo wenyewe ulikuwa hafifu mno siku hiyo, ukazama ndani ya kelele ya kifaa. Linganisha na rekodi ya kifaa hicho kikiwa sehemu tulivu sana; spektra zikifanana, ulikuwa unapima vyombo vyako.

Dalili: uwiano uko chini ya 1 kwa masafa mapana

Mstari unazama hadi 0.5 au chini yake, tuseme kuanzia 2 hadi 15 Hz, na hautoki. Kisababishi cha kawaida ni kitu kigumu juu na laini chini: zege, lami nene, udongo wa juu uliokaushwa na jua ukawa tofali, au tabaka la lava juu ya mashapo. Ugumu ukipungua unaposhuka, mlalo hupungua kuliko wima.

Toka kwenye zege. Hata mita chache zinatosha, ukapime kwenye udongo wa asili uliosafishwa. Mstari ukirudi kwenye 1, tabaka gumu lilikuwa la kujengwa. Usiporudi, tabaka gumu ni la jiolojia, na ni taarifa muhimu: fomula rahisi za kukadiria kina hazifai hapo, kwa maana zote zinachukulia kwamba ugumu unaongezeka kwenda chini.

Dalili: vilele viwili, au kilele kipana kama uwanda

Viwili kwanza. Kimoja wapo kikiwa chembamba, rudi kwenye sehemu ya mashine. Vyote viwili vikiwa na mabega na jicho, kuna mipaka miwili: cha frikwensi ya chini ni cha mpaka wa kina kirefu, cha frikwensi ya juu ni cha mpaka ulio karibu na uso. Jengo fupi litajali cha juu, refu litajali cha chini, hivyo vyote vinaripotiwa.

Kilele kipana kina visababishi vitatu. Ulainishaji uliopita kiasi ndio wa kwanza; pandisha b. Vipande vya data visivyokubaliana ni cha pili: chora kila kipande peke yake, na kama kilele kinatangatanga kwa zaidi ya asilimia 5 kati ya vipande, wastani utakuwa uwanda hata kama kila kimoja kina ncha. Cha tatu ni mwamba ulioinama chini yako, ukingoni mwa bonde kwa mfano, ambapo unene wa udongo unabadilika ndani ya makumi machache ya mita. Hapo pima mstari wa vituo ukikatiza bonde, uone kilele kikihama hatua kwa hatua.

Dalili: kaskazini–kusini na mashariki–magharibi havifanani

Zungusha kifaa nyuzi 90 mahali palepale, upime tena. Tofauti ikizunguka pamoja na kifaa, ni kifaa. Ikibaki kwenye uelekeo ule ule wa ardhi, ni ardhi au chanzo cha kelele. Kipimo hiki kimoja kinaokoa mabishano mengi, na kinashangaza kwa jinsi kinavyosahaulika.

Ikiwa ni ardhi, chanzo cha kawaida ni barabara au kiwanda upande mmoja. Kisha kuna umbo la bonde jembamba, linalotikisika tofauti kwa urefu na kwa upana wake. Kwenye mteremko wenye nyufa, tofauti kubwa ya uelekeo inaweza kuashiria kipande cha ardhi kilicholegea. Ukiona nyufa mpya, miti iliyoinama au chemchemi mpya hapo, funga vifaa, toka, na umwite mtaalamu wa jiolojia wa maporomoko. Hicho si kipimo cha kumalizia peke yako.

Dalili: kina ulichokokotoa hakikubaliani na shimo la uchunguzi

Fomula inayotumika ni H = Vs ÷ (4 × f0), ambapo H ni unene wa udongo (si ile H ya mlalo), Vs ni kasi ya mawimbi ya S, yale yanayotikisa ardhi kwa upande, ndani yake, na f0 ni frikwensi ya kilele. Ni fomula nzuri. Tatizo ni kwamba ina vitu viwili usivyovijua na umepima kimoja tu.

Tuseme f0 ni 2 Hz. Ukikisia Vs ni mita 140 kwa sekunde, kina ni mita 17.5. Ukikisia 200, ni 25. Ukikisia 350, ni karibu 44. Kipimo ni kimoja, mchoro ni mmoja, na kina kimezidi mara mbili. Kwa hiyo shimo likisema mita 18 na wewe ulisema 25, H/V haijakosea. Kisio la Vs ndilo lililokosea. Geuza fomula: chukua kina cha shimo, rudisha Vs, na uitumie kwenye vituo jirani vyenye udongo wa aina ile ile.

Kisababishi kinachofuata ni fomula ya kuazima. Ibs-von Seht na Wohlenberg walichapisha mwaka 1999 uhusiano H = 96 × f0 ^ −1.388 kwa eneo la Rhine ya chini, Ujerumani. Namba hizo ni za mashapo ya huko. Kuzipandikiza kwenye tope la delta au majivu ya volkano bila kuzipima upya ni kubahatisha kwa desimali tatu.

Chunguza pia kama mchimbaji na mtetemo wanazungumzia "mwamba" mmoja. Mchimbaji anasimama tindo inapokataa kuingia. Mtetemo unaona mahali ugumu unaporuka. Mwamba uliochakaa unaweza kuwa mgumu kwa tindo na bado laini kwa mawimbi.

Kuna programu zinazogeuza mchoro wa H/V moja kwa moja kuwa jedwali la tabaka na kasi. Zitakubali chochote unachozipa na kurudisha mstari unaofuata data vizuri sana. Miundo mingi tofauti ya ardhi hutoa mchoro ule ule, kwa hiyo bila shimo au kipimo cha kasi cha kuifunga, jedwali hilo ni mojawapo tu ya majibu yanayowezekana.

Dalili: safu ya vihisi haitoi mstari wa kasi unaosomeka

Ukitaka Vs bila kukisia, unatandaza vihisi kadhaa kwa mpigo na kupima jinsi mawimbi ya uso yanavyosafiri kati yake. Aki aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1957. Ikigoma, angalia saa kwanza. Vihisi vyote lazima viwe na wakati mmoja kwa usahihi wa milisekunde. Kimoja kikipoteza setilaiti inayokipa saa, chini ya mti tuseme, kinaharibu jozi zote zenye kihisi hicho. Cha pili ni vipimo vya nafasi: umbali kati ya vihisi upimwe kwa futi kamba au chombo cha upimaji ardhi, usitegemee simu.

Cha tatu ni ukubwa wa safu. Safu ya mita 20 haiwezi kuona mita 100 chini. Kwa makadirio ya haraka, tegemea kina kinachokaribiana na upana wa safu. Upande wa pili, mawimbi mafupi kuliko mara mbili ya umbali mdogo kabisa kati ya vihisi hujichanganya, na mstari unaanza kuruka. Tandaza safu ndogo, halafu kubwa, uunganishe.

Hesabu ya Vs30, yaani Vs ya mita 30 za juu, nayo ina mtego wake. Ni mita 30 zikigawanywa kwa muda wote ambao wimbi linatumia kuzipita, si wastani wa kasi. Chukua mita 10 zenye 150 m/s juu ya mita 20 zenye 500 m/s. Kwa njia sahihi muda ni sekunde 0.0667 + 0.04, na Vs30 ni 281. Aliyechukua wastani wa kasi atapata 383. Kwenye Eurocode 8 ya 2004, kanuni za Ulaya za usanifu dhidi ya matetemeko, mpaka kati ya daraja C na B la udongo ni 360, kwa hiyo kosa hilo la kikokotoo linahamisha kiwanja kutoka daraja moja kwenda jingine, na nguvu za tetemeko zinazotumika kwenye usanifu zinabadilika.

Dalili: kipimo ni safi, ila swali limekizidi

Kilele kimepita masharti, vituo jirani vinakubaliana, na mwenye kiwanja anauliza kama jengo litasimama. H/V haijibu hilo. Ukubwa wa kilele, iwe 3 au 7, si kiasi ambacho tetemeko litakuzwa; frikwensi ndiyo ya kutegemewa. Tena frikwensi hiyo imepimwa wakati ardhi inatikisika kwa kiwango kidogo mno. Mtikisiko mkali hulegeza udongo laini, na kilele hushuka.

Mwite mhandisi wa udongo, wala usiendelee na H/V pekee, pale penye mchanga mlegevu uliojaa maji karibu na uso, kwa sababu swali la kama utapoteza nguvu na kugeuka uji linahitaji mashimo na vipimo vya kupenya. Vivyo hivyo pale penye kifusi kilichojazwa, mteremko, bwawa, hospitali, shule, au jengo refu lenye mzunguko unaokaribia ule wa kilele chako. Mkabidhi data ghafi ya chaneli zote tatu pamoja na mchoro, muda wa kurekodi, aina ya kihisi, picha za kifaa kilivyokaa, hali ya upepo, na frikwensi zote ulizoziweka pembeni kwa kushuku mashine. Mpe na vituo vilivyoshindikana.